Mama mkwe na mende wa jikoni kwangu

Jamani, leo nimemsingizia mama mkwe.

Ameteremka asubuhi kutoka Marangu na kikapu cha ndizi. Nafungua kabati nimpe kikombe cha chai, mende wadogo wa kahawia wakatimka kila upande.

Mimi na mdomo wangu: "Mama, hawa si wamekuja na kikapu chako?"

Akakibeba kikapu nje, akakikung'uta mbele ya majirani. Hakutoka hata sisimizi.

Akarudi, akachungulia nyuma ya friji langu la mtumba (lile ninalowaringia wote!).

"Njoo uone, mwanangu."

Pale kwenye mota, penye joto, walikuwa wamejazana, pamoja na mayai yao.

Nilitamani ardhi inimeze. "Nisamehe, mama."

"Chomoa umeme. Lete sabuni."

Tumesugua pamoja, tukanyunyiza dawa ya unga pembeni. Kisha akajifunga kitenge, akaaga.

Nimemsihi alale. Eti ng'ombe hana wa kumkatia majani.

Lakini jana kwenye simu alisema jirani atamwangalia ng'ombe, yeye anakuja kukaa wiki nzima.

Nimfuate kesho, au nimwache apoe kwanza? Niambieni ukweli.