Rangi Iliyozidi Kwenye Utando

Nakumbuka vizuri asubuhi niliyozima mwanga kwa mikono yangu mwenyewe, mwanangu, na mpaka leo nikisimulia moyo unanienda mbio.

Nilikuwa mwanafunzi wa kemia hapa Machakos, msichana wa Kangundo mwenye haraka kuliko akili. Kazi yangu ya shahada ilikuwa kutengeneza utando kama ule unaozunguka seli: tabaka mbili nyembamba za mafuta ndani ya maji. Humo unatia rangi, unaimulika kwa taa ya buluu, nayo inang'aa kijani. Mafuta yalibaki chupa moja ndogo. Yakiisha sina cha kuwasilisha, na mama alishatangaza kanisani kwamba nahitimu.

Mwanga ulikuwa hafifu, nikaongeza rangi. Ukafifia zaidi. Nikaongeza tena, sasa kwa hasira, hadi mashine ya kupimia mwanga ikasoma karibu na sifuri. Nikaandika daftarini kwamba mashine ni mbovu, wala sikuona haya.

Bi Syombua, fundi wa maabara, alisoma akaguna. "Mwiitu," akaniita kwa Kikamba, kama mama amwitavyo bintiye, "hii mashine niko nayo miaka mingi. Haijanidanganya. Chukua hayo mafuta yamebaki, utie rangi kidogo, kidogo kabisa."

"Na yakiharibika?"

"Tutalia pamoja. Tia."

Nikatengeneza utando mpya kwa mafuta yale. Nikatia tone moja dogo la rangi, nikafunga kifuniko cha mashine. Namba zikaruka juu mpaka nikapiga kelele, na Bi Syombua akacheka hadi akatafuta kiti.

Kumbe molekuli za rangi zikisongamana hushikana. Moja ikipokea nishati ya taa humpa jirani, naye jirani yake, mpaka ifike kwa zilizogandana, na hapo huishia kuwa joto tu. Zikipata nafasi, kila moja hutoa mwanga wake. Ajabu yote hiyo ilikuwa mbele yangu nami nikaiita ubovu! Nilitaka kurarua kurasa zile kwa aibu, akanizuia. "Hayo ndiyo matokeo yako," akasema. Na kweli, kurasa hizo ndizo zilizonipa shahada.

Kwa hiyo, mwanangu, jambo likienda kinyume na ulivyotarajia, usilaumu chombo wala usiongeze nguvu. Andika ulichokiona, punguza, ujaribu tena. Mungu akupe kazi ya kukupigisha kelele kwa furaha, na akuweke karibu na mtu atakayekwambia umekosea wakati bado unaweza kurekebisha.