Mstari Juu ya Jina la Malka

Nimewahi kuvuka Tana kwa mtumbwi maji yakiwa yamefura na kubeba miti mizima, na sikutetemeka. Kilichonitetemesha maishani ni ukurasa wa tovuti, tena niliouandika kwa mikono yangu mwenyewe.

Ukurasa wenyewe haukuwa na makuu. Ulikuwa orodha ya malka, zile njia ambazo ng'ombe wa wafugaji hupitia katikati ya mashamba kwenda kunywa maji mtoni. Hapa Garsen tuna kamati ya wakulima na wafugaji inayokaa kila msimu na kukubaliana malka ipi iko wazi na ipi imefungwa. Ikifungwa, wakulima huruhusiwa kulima pale mpaka wavune, kisha njia inarudi kwa ng'ombe. Mimi, mtoto wa wakulima, nilifanywa karani kwa sababu moja tu: nilikuwa na kompyuta. Watu walisoma orodha kwenye simu zao, hata waliokuwa mbali malishoni na mifugo yao.

Sasa, jina la malka halifutwi. Hilo nilijifunza mwaka wa kwanza, nilipoondoa kwenye orodha jina la malka iliyofungwa, na wafugaji wote wakasusia mkutano. "Ukitoa jina, umekula njia," waliniambia, na hawakuwa wanatania. Tukaafikiana kwamba jina libaki pale pale, ila nilikate kwa mstari katikati. Mstari ulimaanisha: njia ipo, lakini subiri. Miaka ikapita hivyo, na hakuna aliyegombana na mstari wangu.

Kisha nikaenda Hola kwa mafunzo ya wiki moja. Huko nikaambiwa kwamba lugha ya kompyuta niliyokuwa nikitumia kuwekea maandishi alama imezeeka. Ile ya zamani unaiambia kompyuta kitu kionekane vipi: hapa rangi nyekundu, hapa katikati, hapa mstari. Mpya inataka useme kitu ni nini, halafu mapambo yanakaa kwenye faili lake kando. Mwalimu akaufungua ukurasa wangu ukutani, darasa zima likacheka. Niliumia, tena sana. Nikarudi Garsen na hasira za mtu aliyeaibishwa, nikaandika amri moja ya kufagia kila alama ya zamani, na mchana mmoja ukatosha. Ukurasa ukafunguka kwenye simu ukiwa safi, herufi kubwa, umekaa sawa. Nikajinunulia soda baridi. Kipya kinyemi ingawa kidonda, na mimi kidonda sikukiona.

Siku ya tatu asubuhi mama akapiga simu. "Njoo shambani. Njoo sasa hivi."

Nilifika nikakuta mpunga wake umelala chini, masuke yamekanyagwa kwenye tope. Alikuwa amepanda kwenye malka iliyofungwa, kwa ruhusa ya kamati. Ng'ombe walioingia walikuwa wa rafiki yangu, tuliyekaa naye dawati moja shule ya msingi. Alikuwa ameondoka na mifugo tangu kiangazi, na ndiyo kwanza alikuwa amerudi. Vijana wa wakulima walikuwa wamewashika ng'ombe wake na wanamwita mwongo usoni. Upande wa pili wafugaji wenzake walikuwa wanakuja, wengi, na fimbo walizobeba hazikuwa za kuchungia. Kwetu watu wamewahi kuzikana kwa sababu ya maji na majani.

Rafiki yangu aliponiona akaninyooshea simu yake.

"Wewe soma. Mimi natoka hapa, hii malka iko na mstari. Narudi, mstari hakuna. Nikasema basi, wamevuna. Sasa kosa yangu iko wapi?"

Nikasoma. Majina yote yalikuwa safi, kutoka la kwanza hadi la mwisho, hata moja halikuwa na mstari. Alama ya ule mstari ilikuwa miongoni mwa zile nilizofagia. Amri yangu ilikuwa imeondoa alama na kuacha neno, nami nilikuwa nimetazama uzuri wa ukurasa bila kuusoma. Na nitasema ukweli wote: nilifikiria kunyamaza. Pale shambani hakuna ambaye angejua. Ningesema ni mtandao, watu wangeamini, na rafiki yangu angebaki mwongo.

"Hajadanganya," nikasema. "Mstari nimeuondoa mimi."

Mama aligeuka. Mkononi alikuwa ameshika masuke yaliyovunjika. "Wewe?"

"Mimi, mama."

"Kwa nini?"

Ningemwambia nini? Kwamba watu walinicheka Hola? "Nilikuwa naupendezesha ukurasa."

Mama akautazama mpunga wake wote, mpaka mwisho wa shamba. "Umependeza," akasema.

Ng'ombe wakaachiliwa, fimbo zikarudi zilikotoka. Rafiki yangu akaahidi kumletea mama maziwa kila asubuhi mpaka msimu ujao, bila kuombwa na mtu. Mimi alinipita kando, akawafuata ng'ombe wake, na hilo liliniuma kuliko tusi.

Jioni nikaenda kwao kumwomba radhi mama yake. Yeye haoni, macho yalimwisha miaka mingi, na simu yake humsomea kwa sauti. Nikamweleza kwamba nimepoteza mstari uliokuwa juu ya majina.

"Mstari gani?" akauliza.

"Ule wa malka zilizofungwa, mama. Uliokuwapo siku zote."

"Mimi hii simu haijaniambia mstari hata siku moja. Tangu zamani inasoma malka zote, moja moja, kama zote iko wazi. Mimi nauliza watu. Nilifikiri wewe hujali sisi."

Niliyoyaona shambani asubuhi yalikuwa mshtuko, haya yalinivunja. Miaka yote ile niliuonea fahari mstari wangu, kumbe nilikuwa nachora tu, na aliyeusoma ukurasa kwa masikio sikuwahi kumwambia kitu.

Nikafungua kompyuta pale pale mkekani. Mstari nikaurudisha kwa wanaoona, kisha mbele ya kila jina lililofungwa nikaandika kwa maneno: imefungwa mpaka mavuno. Nikamwomba aijaribu simu yake. Akaiweka sikioni, akawanyamazisha wajukuu kwa mkono. Sauti ikasoma jina la malka ya shamba la mama yangu, ikaendelea: imefungwa mpaka mavuno.

"Irudie," akasema, nami nikamrudishia mwanzo. Akasikiliza tena, kichwa ameinamisha.

"Ehe," akasema. "Leo umesema na mimi."