Chukudu Hazina Kengele

Jirani yangu akifunga breki za gari lake ghafla, harufu ya mpira ulioungua huingia dirishani, nami huacha kuandika na kupapasa pa kujishikilia. Msomi mzima.

Utotoni tulikuwa watoto wachache tusioona, tumeshikana mikono, tumeziba mteremko wa kuingia mji wa Butembo, mashariki mwa Kongo. Chukudu, zile baiskeli za mbao za kubebea mizigo, zilishuka kimya, na wiki ile mojawapo ilikuwa imemvunja mwenzetu mguu. Tulitaka zitiwe kengele. Mimi niliwekwa katikati ili nisikimbie.

Mpira wa breki ukalia, ukanuka, na joto la gurudumu likanifikia magotini.

"Batoto, munatafuta kufa?" akafoka mwenye chukudu.

"Hapana, papa," akasema yaya, dada mkubwa aliyetuongoza. "Tunatafuta kukusikia. Utie kengele."

"Kengele? Basoda ba kule bariere batasikia, batabeba bilazi yangu yote!" Nikamsikia akipigapiga magunia yake ya viazi; kule chini askari wa kizuizini walijichukulia mizigo ya watu.

"Basi piga mluzi. Ukikaribia basoda, unyamaze. Kule sisi hatupiti."

Akacheka, akatutukana kidogo, kisha akaisukuma chukudu yake huku akipiga mluzi wa wimbo wa misa, vibaya sana.

Tuliusikiliza mluzi ukishuka mpaka ukakatika. Mkono wa yaya ukalowa jasho ndani ya wangu. Hakuna aliyeondoka pale mpaka mluzi ulipoanza tena, chini kabisa, ng'ambo ya kizuizi cha askari.