Lete Kibuyu Kwanza

Mwanangu, hebu nikuulize. Mtoto wa miaka tisa akikushika khanga, akakwambia, "Bibi, mwambie baba alete samaki wengine, hawa wanakwisha, halafu nani atakufa?" Wewe utamjibu nini?

Usijibu haraka. Mie nilikuwa na kikombe cha chai mkononi, nikakaa nacho mpaka chai ikapoa.

Ngoja nianze mbali kidogo, maana mie nikianzia katikati napotea. Nilikuja London kumtazama mwanangu Rukia kwenye arobaini yake. Alijifungua kabla ya siku zake, mtoto wa kiume, Idris, mdogo wewe! Ukimfunga kwenye khanga hujui kama ndani mna mtu. Alikaa hospitali kwenye kile kisanduku cha kioo chenye joto, na mama yake kila siku anapanda basi kumpelekea maziwa. Siku walipomleta nyumbani, hapa Barking, nyumba nzima ikawa inanyata. Hata kijiko tunakiweka kwa adabu.

Sasa dada yake, Ilham, kasahaulika. Ndivyo ilivyo, mtoto mgeni akija yule wa zamani anakuwa kama kiti. Baba yake, mkwe wangu Khamis, anayefanya kazi stoo kule Stratford, akamwonea huruma, akamnunulia tangi la samaki. Tangi la kioo, lina pampu ya kutoa mapovu, lina changarawe za rangi na kijumba cha plastiki. Siku ileile wakalijaza maji ya bomba, siku ileile wakatia samaki. Wazuri! Kila mmoja nusu ya kidole, ana mstari wa buluu unametameta kama nguo ya bi harusi. Ilham akawapa majina wote, na mie nisiyejua kusoma barabara nikayashika yote kwa kichwa.

Hazikupita siku nyingi akafa mmoja. Wakafuata wengine. Tunaamka tunawakuta wanaelea ubavu. Walio hai wanapanda juu, midomo wazi, wanahema kama waliokimbizwa. Khamis akasema huo ni uchafu. Basi kila akitoka kazini anachomoa ile sponji ya kuchujia, anaisugua kwa maji ya moto mpaka inakuwa mpya, maji ya tangi yote anamwaga, anatia mengine. Na mie namsifu, "Mkwe wangu msafi!" Chakula ndiyo usiseme. Kwetu mgeni hapewi kidogo. Yeye akiwapa asubuhi, mie nawaongeza mchana, Ilham jioni.

Siku moja akaja Bi Zuwena, jirani yetu wa ghorofa ya chini, mtu wa Tanga, mcheshi, kaja kumwona mzazi. Akamkuta Ilham analia, kashika kijiko, juu yake samaki. Kwa kutaka kumpoza tu, akamwambia, "Usilie, mjukuu wangu. Hao wamechukua balaa la mdogo wako. Kitu kilikuwa kinamjia yeye, kikawapata wao. Mshukuru Mungu."

Na mie palepale nilipo, nakunja nguo za mtoto, nikaitikia, "Ndivyo, ndivyo."

Unajua neno hilo kwetu. Kuku akifa, sahani ikivunjika, tunasema balaa limepita. Tunalisema kama tunavyosema pole. Mtoto akanyamaza, tukadhani kapoa.

Kumbe alinyamaza ili apige hesabu. Tangu hapo hamgusi mdogo wake. Akitoka skuli, kwanza anakwenda kwenye tangi, halafu anasimama mlangoni kwa mama yake anachungulia, haingii. Na baba yake hampi raha: samaki wengine, samaki wengine! Khamis, maskini, kafurahi mtoto kapata kitu cha kupenda, analeta. Na kila akileta, wanakufa haraka kuliko wale wa mwanzo. Mpaka siku ile aliponishika khanga.

Nikakiweka kikombe chini, nikamvuta karibu, nikamwambia, "Si kweli yale, Ilham. Idris hana lolote na samaki."

Akanitazama. Akanijibu kwa Kizungu chake, nami nakupa kwa Kiswahili: "Lakini wewe ulisema ndivyo. Mara mbili. Nilikusikia."

Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Dole ungelifunga kitambaa. Sasa neno lililokwisha kuingia kwa mtoto utalifunga na nini?

Hapo ndipo alipokuja akilini bibi yangu mie, Bi Time, Mungu amrehemu. Kwetu Pemba, tulikuwa na ng'ombe wawili, na yeye ana kibuyu chake cha kugandishia maziwa. Hakigusi mtu. Mie msichana ninayeinukia, nataka nisifiwe. Nikachungulia ndani nikaona utando, nikanusa uchachu, nikasema huu uchafu gani? Nikakisugua kwa mchanga, kwa sabuni, kwa maji ya moto, nikakianika juani kikawa kama kimetoka sokoni. Jioni akatia maziwa. Asubuhi hayakuganda, yameoza, maji huku mabonge huku, harufu ya kufukuza mbwa.

Mie huyo mbio: "Bibi, kuna mtu katia jicho! Mwanakombo alipita jana akasema ng'ombe wetu wana maziwa mengi."

Bibi hakupandisha sauti. "Lete kibuyu."

"Lakini bibi, Mwanakombo…"

"Lete kibuyu kwanza. Jicho tutalitafuta baadaye."

Akakinusa. Akatia kidole, akakitoa kikavu. Akasema, "Mama wa maziwa alikuwa anakaa humu, kwenye ule utando. Umemwosha ukammwaga. Na bado kidogo ungemfanya jirani mchawi kwa sabuni yako wewe." Kisha akaniachia kibuyu mkononi, akaenda zake kukamua. Mwanangu, mpaka leo nikikumbuka mgongo wake unaondoka, uso unaniwaka.

Basi nikanyanyuka, nikamwambia Ilham, "Lete chupa."

"Chupa gani?"

"Ile ya jemu. Chota maji ya tangi. Tunakwenda walikouza samaki."

Tukapanda basi, yeye kaikumbatia ile chupa ndani ya koti kama yai. Dukani tukamkuta msichana mmoja, kipini puani, mikono imelowa mpaka kwenye viwiko. Akachota maji kidogo, akadondosha dawa, akatikisa. Maji yakageuka kijani, mwanangu, kijani cha mchicha uliopikwa! Akamwuliza Ilham maswali, na Ilham ananitafsiria. Tangi lina muda gani? Jipya. Sponji mnaosha na nini? Maji ya moto. Maji mnabadilisha mangapi? Yote.

Msichana akatikisa kichwa, pole pole, bila kutucheka. Akasema hiyo rangi ni sumu inayotoka kwenye mkojo wa samaki wenyewe, kwenye mavi yao na kwenye chakula kinachooza chini. Ilham alipofika kwenye mkojo akajibana asicheke. Ati kwenye tangi lililozoea wamo vijidudu vizuri, huvioni kwa macho, vinakaa kwenye sponji na changarawe, vinaila ile sumu. Tangi jipya bado halinavyo. Vinataka wiki na wiki vizaliane. Na sisi kila jioni tunaviua kwa maji ya moto na klorini ya bomba, halafu tunaongeza samaki, yaani tunaongeza mkojo mahali pasipo na wa kuusafisha.

Nikapiga makofi mle dukani. "Kibuyu! Kibuyu cha Bi Time!"

"Bibi yako anasemaje?" akauliza msichana.

"Anasema ameelewa," akajibu Ilham.

Kisha akakiegemeza kidevu chake kwenye kaunta, akauliza taratibu, "Kwa hiyo hawakufa kwa ajili ya mtu?"

Yule msichana hakujua linatoka wapi swali hilo, lakini aliinama akamtazama usoni. "Hapana. Wamekufa kwa maji tu."

Samaki hakutuuzia, alikataa. Alituuzia dawa ya kuondoa klorini, akatuagiza: maji badilisheni sehemu tu, msimwage yote, na mapya myatie dawa kwanza. Chakula punje chache. Sponji isuuzeni kwa maji yaleyale mliyoyatoa kwenye tangi, basi. Na subirini. Nikamwambia Ilham, unaona? Tangi nalo ni mzazi, lina arobaini yake, na sisi tumelijazia wageni siku ya kwanza.

Nyumbani kabaki samaki mmoja, Pilipili. Tulimfanyia yote tuliyoagizwa. Lakini sumu ilikwisha kumuunguza mashavu ya kupumulia, na asubuhi moja, tunajiandaa kwa skuli, nikasikia nyayo za Ilham zinakimbia. Hakuja kwangu. Kakimbilia chumbani kwa mama yake. Nikamfuata na unga wa chapati mikononi.

Nikamkuta kasimama penye kitanda cha mdogo wake. Idris kalala, ngumi mbili juu, kama mzee aliyeshiba pilau. Ilham akaweka kidole chini ya pua yake, akangoja. Rukia anataka kusema kitu, nikamwashiria anyamaze. Idris akakunja uso, akapiga chafya.

Ilham akaketi sakafuni akalia. Kile kilio, mwanangu, kilikuwa kimewekwa siku nyingi. Nikakaa naye chini na unga wangu.

"Pilipili amekufa kwa maji," akasema.

"Kwa maji."

"Na kwa sponji ya baba."

"Na kwa ukarimu wa bibi yako," nikamwambia, na hapo akacheka na makamasi yake. Mama yake akamkunjulia mikono, akampakatisha Idris. Skuli alichelewa, na achelewe.

Bi Zuwena nilimfuata kwake nikamweleza. Alijishika kinywa. Jioni akapanda ngazi na sahani ya visheti, akamwambia mtoto mwenyewe, "Mjukuu wangu, nilisema nisilolijua." Mtu mzima kusema hivyo si kazi ndogo.

Tangi likakaa bila samaki. Ilham anadondosha punje ya chakula ioze, wale wasioonekana wapate riziki, na kila mara anapeleka chupa yake dukani, mpaka msichana akasema sasa maji yamezaa. Ndipo tukaleta samaki wachache, na hao wapo, nawaona hapa nikizungumza nawe. Sponji imekuwa ya kahawia, imejaa utando, na Khamis hathubutu kuigusa na maji yake ya moto. Wazee walisema jungu kuu halikosi ukoko. Usiwe na pupa ya kung'arisha kila kitu.

Basi nikuusie, mwanangu. Kikikufia kitu nyumbani, samaki au mche au hata furaha ya mtu, tazama kwanza maji. Kikulacho ki nguoni mwako. Kadari ya Mungu ipo, sikukatazi kuiamini, ila usimtwishe Mungu sponji yako. Na mtoto akilia, usimpe neno lolote ili mradi anyamaze. Mtoto anaishi ndani ya maneno yetu kama samaki ndani ya maji. Yakiwa na sumu, hana pa kutokea. Mungu akupe nyumba yenye maji matamu, akupe subira ya arobaini zote utakazongoja, na akuwekee watu wa kukwambia "lete kibuyu" kabla hujamtaja jirani.

Juzi Ilham kampakata mdogo wake mbele ya tangi. Nikamwambia, "Akikua, watakuwepo watu wa kumwambia kuna samaki walikufa badala yake. Ni mzigo huo, atatembea nao maisha yake yote."

Akanyoosha kidole chake kidogo, kama wafanyavyo watoto wa huku wakiwekeana ahadi, akakifunga na changu. Akasema kwa Kiswahili, Kiswahili chake cha kuokoteza: "Naahidi, Bibi. Mimi tamwambia, 'Idris, samaki walikufa kwa maji. Wewe ulikuwa umelala tu.'"