Shibe Anamsubiri Mwenyekiti

Kwa miaka tisa Dorcas, mchora mabango wa Buhongwa, alimchora Shibe kila Ijumaa kwenye katuni ya gazeti la mjini: nguruwe wa kufugwa ndani, mwenye kofia ya pama, anayehudhuria kila kikao na kutafuna muhtasari. Wasomaji walimpenda Shibe kuliko mhariri. Dorcas, asiye na mume wala mtoto, alimpenda kuliko wote. Kofia yenyewe ilitokana na uvivu tu. Masikio ya nguruwe yalimshinda kuchora.

Balaa lilianza Mzee Mashimba, mwenyekiti wa mtaa, aliponunua kofia ya pama. Haikupita wiki akaenda kwa mhariri kulalamika kwamba amechorwa. Mhariri, mtu asiyependa kesi, akamwamuru Dorcas amuue nguruwe, la sivyo nafasi yake itajazwa matangazo. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Dorcas alilia machozi ya kweli, akafuta pua, akachonga penseli. Aliambiwa Shibe afe, hakuambiwa azikwe.

Ijumaa hiyo Shibe akafa kwa kuvimbiwa. Iliyofuata, waombolezaji walikuwa mkekani, kaburi limechimbwa, na chini pameandikwa: "Tunamsubiri mwenyekiti atoe salamu za serikali ya mtaa." Nani asiyejua kwamba bila salamu hizo jeneza haliondoki? Wiki ya tatu walikuwa bado wanasubiri. Ya nne, wapishi waliishiwa mchele.

Mji ukamgeukia Mashimba. Wauza dagaa walimpa pole, wakamuuliza kwa nini anamchelewesha marehemu. Kilichomuuma zaidi ni kwamba kuchelewa misibani lilikuwa kosa lake la kweli. Paskazia, mjane aliyemsubiri juani hadi saa kumi siku ya kumzika mumewe, alimcheka mbele ya watu.

Jumapili Mashimba akaja kwa Dorcas, kofia mkononi. Dorcas alimpa shikamoo na kigoda.

"Mwanangu, mfufue," alisema mzee. "Mhariri nitaongea naye mwenyewe."

"Nitamfufua, baba. Ila wewe lazima ufike."

Ijumaa ile mwenyekiti alichorwa akiingia msibani saa tatu kamili asubuhi. Shibe aliposikia kwamba mwenyekiti kawahi, alishtuka hadi akafufuka.

Msiba uliofuata mtaani, Paskazia aliwahi kwenda kusaidia kupika. Alimkuta Mashimba ameshakaa, kichwa wazi, na moto haujawashwa.