Marumaru za Chuo cha Pujini

"Fedha za marumaru hazitoshi," alisema Fundi Ridha akikunja utepe wake. "Tisa kwa saba, mita za mraba sitini na tatu. Kila mita shilingi elfu ishirini na nane. Yatakiwa milioni moja, laki saba na sitini na nne elfu."

Shehe Nyange, mkuu wa chuo cha Kurani cha Pujini, alishusha pumzi. Mkononi alikuwa na milioni moja na laki sita. "Basi upande wa wanawake ungoje mwakani."

Mlangoni alisimama Bi Mwanabaraka, mshona nguo aliyezunguka nyumba kwa nyumba miaka mitatu akichangisha fedha hizo.

"Shehe, chumba hiki hakikunyooka. Huku nyuma ukuta uliingia ndani mita mbili, kisha ukaenda mshazari, kukwepa kaburi. Fundi amepima pamoja na uwanja wa nje."

"Bibi, mie napima hivi miaka ishirini," alijibu Ridha.

Wazee wa chuo waliokuwamo chumbani walimtazama Bi Mwanabaraka. Shule aliiacha darasa la saba, lakini alichukua chaki akainama. Aliigawa sakafu mapande. Pande kubwa la mbele, tisa kwa nne: thelathini na sita. La nyuma, tano kwa tatu: kumi na tano. Kwenye ukuta wa mshazari ikabaki pembetatu, mbili kwa tatu; akaichukua nusu, tatu.

"Hamsini na nne. Tia tatu za kuvunjika, hamsini na saba. Ni milioni moja, laki tano na tisini na sita elfu."

"Na zikipungua?" Ridha aliuliza.

"Uzeni cherehani changu."

"Bi Mwanabaraka, ndicho kinachokulisha," Shehe alimwonya.

"Najua, Shehe."

Zikanunuliwa za mita hamsini na saba, na siku mbili kazi ilikwenda vyema. Ya tatu wakafika kwenye mshazari. Marumaru ya kwanza ilipasuka chini ya mashine ya kukatia. Ya pili pia. Ilipopasuka ya tano, Bi Mwanabaraka alitoka nje, akarudi, akatoka tena.

Alasiri lilifunguliwa boksi la mwisho. Ridha sasa alikata polepole, akipima kila kipande mara mbili. Alipogonga cha mwisho kikakaa, ndani ya boksi zilikuwa zimebaki mbili nzima.

Fundi alijifuta vumbi usoni. "Nimewatoza watu wangapi fedha za ziada, Bibi?"

Bi Mwanabaraka alivua viatu, akaenda kuketi upande wa wanawake, akalia.