Plasta Juu ya Maandishi

Jumanne, tarehe 9 Aprili 1996. Mvua ya masika toka alfajiri. Mtaani kwetu Ngamiani maji mpaka vizingitini.

Nilikwenda hospitali kupeleka glavu, uzi na plasta, maana siku hizi madukani vimejaa ila wodini hamna. Dada yangu alikuwa akatwe titi Alhamisi kwa saratani, naye kakataa katakata. "Shangazi kafa na gonjwa hilihili. Kama ni la damu ya ukoo, wakate lipi? Na wanangu nani atawaposa?"

Nikamweleza daktari hivyo hivyo. Binti mdogo tu, kaniamkia shikamoo kabla ya kunijibu. Akachukua daftari langu hili, akabandika kipande cha plasta juu ya mistari miwili.

"Maandishi yamefutika, mama?"

"Yapo."

"Haya, yasome."

Sikuweza.

Akasema kila chembe ya mwili ina maandishi yake, na mengine kazi yake ni kuiambia: basi, usizaane ovyo. Katika saratani nyingine za titi, watafiti wameona maandishi hayo hayajaharibika, yamefunikwa tu. Na mara nyingi hufunikwa ukubwani, humohumo ndani ya titi; mtu hakuzaliwa yamefunikwa. Kama ya dada ndiyo hiyo, daktari hakuapa. Nami darasa la saba sikumaliza, huenda nimekoroga.

Lakini nilitoka mbio, khanga imelowa yanishika miguu, nacheka peke yangu njiani mpaka nyumbani.

"Dada! Hayajafutika! Yamebandikwa plasta, na plasta hubanduka!"

"Hubanduka? Basi kisu cha nini? Mwalimu wa chuoni aniandikie kombe, aya sahanini, ile zafarani nikiikosha na kuinywa itaibandua."

Hapo nikaona nilivyoharibu. Kombe silibezi, nimelinywa mara nyingi, na mwalimu wetu hamzuii mtu kwenda hospitali. Ila daktari alisema dawa ya kubandua bado inatafutwa. La sasa ni kukata. Nikakiri kuwa furaha ilinizidi.

"We tangu utotoni, ukitumwa chumvi waja na habari." Akanirushia khanga kavu. "Na wanangu? Kasemaje?"

"Kasema shangazi peke yake si ushahidi. Mara nyingi hairithiwi. Mara nyingi, dada, hakusema daima."

"Mara nyingi yanitosha. Alhamisi nitakwenda. Na kombe nitakunywa, usinikataze."

"Nani kakukataza?"

Jioni tulikula bada, ugali wetu wa muhogo, kwa mchuzi wa papa. Dada, ambaye tangu Ijumaa kwa hofu ya kisu alikuwa akionja tu, alirudia mara mbili, mchuzi ukaniishia mimi.